Ridhaa au kulipwa? Njia mbili za bondia wa Arusha na Moshi anayeutaka mkanda

Mwezi huu vijana wawili wameniuliza swali moja, na nimewajibu tofauti. Wa kwanza ana miaka 19, anaishi Ngarenaro hapa Arusha, amepigana ridhaa, yaani ngumi zisizo za malipo, mara tisa na kushinda sita. Wa pili ana miaka 27, ni mpagazi wa mlimani anayekaa Pasua kule Moshi, ana mke na mtoto mmoja, na ameshapanda ulingo wa ridhaa mara arobaini na kitu bila kuitwa timu ya taifa. Wote wanataka kuwa mabingwa. Na wote wamepigiwa simu kutoka Dar es Salaam: pambano la kulipwa, raundi nne, nauli ya basi na laki mbili mkononi. "Kocha, niende?"

Nimeshika pedi miaka mingi, Moshi nilikozaliwa na Arusha ninakoishi, na nimeona kijana mwenye mikono ya bingwa akimalizwa na jibu baya la swali hili kuliko na mpinzani yeyote. Kwa hiyo naweka njia zote mbili pembeni kwa pembeni, nawe upime. Sitajifanya sina upande. Upande ninao, na utauona.

Kipigo kimoja, bei mbili

Kwenye ridhaa ukipigwa unarudi nyumbani, unapaka barafu, Jumatatu uko mazoezini. Hakuna anayekumbuka. Unaweza kupoteza mapambano matano ya kwanza na bado ukafika mashindano ya taifa, kwa sababu ridhaa inamtazama anayeshinda leo. Kwenye kulipwa kila kipigo kinaandikwa kwenye rekodi, na rekodi ndiyo bidhaa yako. Promota wa nchi nyingine hajui kwamba ulipanda ulingoni na malaria, au kwamba ulitafutwa siku tatu kabla. Anaona tarakimu. Akiona ushindi mara mbili na vipigo vitano, anajua wewe ni wa kuitwa kuja kumpamba mtu wake.

Ndiyo maana nasema ridhaa ni mahali pa kupotezea. Bondia anayejifunza lazima apigwe, hilo halikwepeki. Basi apigiwe mahali ambapo kipigo hakimfuati.

Watazame mabingwa wawili walioingia kwa milango tofauti kabisa. Vasiliy Lomachenko wa Ukraine alikaa ridhaa mpaka ikamwishia. Alichukua dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008 na tena London 2012, na rekodi yake ya ridhaa inayotajwa ni ushindi 396 na kipigo kimoja. Akaanza kulipwa Oktoba 2013. Pambano lake la pili tu, Machi 2014, lilikuwa la ubingwa wa dunia, na akashindwa kwa pointi na Orlando Salido. Pambano la tatu, Juni mwaka huohuo, akamshinda Gary Russell Jr. na kuchukua mkanda wa dunia wa WBO, mmoja wa vyama vinne vikubwa vya ngumi za kulipwa, uzito wa unyoya. Mapambano matatu, mkanda umepatikana. Shule yote aliimaliza kabla ya kuanza kuhesabiwa.

Sasa mtazame Saúl Álvarez wa Mexico, yule wanayemwita Canelo. Alianza kulipwa Oktoba 2005 akiwa na miaka 15. Mkanda wa dunia wa WBC aliupata Machi 2011, akiwa na miaka 20, baada ya mapambano zaidi ya 30 ya kulipwa. Naye Manny Pacquiao wa Ufilipino alianza kulipwa Januari 1995 akiwa na miaka 16, akaja kuwa bingwa wa dunia katika uzito nane tofauti.

Vijana hunitajia hawa wawili kama ushahidi kwamba ridhaa ni kupoteza muda. Nami huwauliza: Mexico au Ufilipino kijana anapata mapambano mangapi kwa mwaka? Kule ngumi za kulipwa za mtaani zimejaa, kijana wa miaka 16 anapigana kila mwezi na wenzake wa kiwango chake, na watu wanaomlea wanachagua kwa makini nani akutane naye. Ulingo wa kulipwa wa kule ndio unaofanya kazi ya ridhaa yetu. Wewe wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha ukianza kulipwa leo, huenda ukapata mapambano mawili au matatu kwa mwaka, na mpinzani anachaguliwa na mtu ambaye bondia wake yuko kona ya pili. Hiyo si njia ya Canelo.

Haki ipewe upande wa pili pia. Kipigo cha kulipwa si kaburi. Bernard Hopkins wa Philadelphia alipoteza pambano lake la kwanza la kulipwa, Oktoba 1988, akakaa nje zaidi ya mwaka mmoja, akarudi, na mwaka 1995 akawa bingwa wa dunia wa IBF uzito wa kati. Mei 2011, akiwa na miaka 46, akachukua tena mkanda wa dunia kwa kumshinda Jean Pascal. Na yuko Mtanzania mwenzetu, Rogers Mtagwa, aliyezaliwa Dodoma na kuhamishia ngumi zake Marekani. Rekodi yake ilikuwa na vipigo zaidi ya kumi, na bado Oktoba 2009 alipanda ulingoni New York kugombea mkanda wa WBO dhidi ya Juan Manuel López. Alishindwa kwa pointi, lakini raundi ya 12 López alikuwa anayumba kama mlevi na kengele ndiyo iliyomwokoa. Mtagwa alifika pale kwa sababu aliishi kwenye mji wa ngumi, watu wakimwona kila siku gimu. Rekodi mbaya inasameheka pale watu wanapokujua kwa macho. Ukiwa Arusha hawakujui kwa macho. Wanakujua kwa karatasi.

Simu ya siku tatu kabla

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo vijana wetu wanapoangukia.

Kila mtu ananitajia Hassan Mwakinyo. Kijana wa Tanga, akaitwa kuziba nafasi, akaenda Birmingham, na tarehe 8 Septemba 2018 akammaliza Sam Eggington kwa TKO, yaani mwamuzi kusimamisha pambano, raundi ya pili, mbele ya watu wa Eggington mwenyewe. Nililia kwa furaha usiku ule, sioni aibu kusema. Lakini usilichukue jambo lile kama ramani. Mwakinyo alipokwenda tayari alikuwa bondia wa kulipwa aliyekomaa, mwenye mazoezi mwilini. Wanaokwenda wakiwa na mapambano matatu na pasipoti mpya huwa tunawapokea stendi usiku, nyusi zimeshonwa.

Azumah Nelson wa Ghana ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote. Alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978, akaingia kulipwa mwaka uliofuata. Julai 1982 aliitwa New York kwa taarifa fupi kupigana na Salvador Sánchez, bingwa ambaye wengi waliamini hapigiki. Nelson alikuwa hajulikani. Alisimama mpaka raundi ya 15 ndipo akamalizwa. Alishindwa, lakini dunia ilimjua usiku ule, na Desemba 1984 akamfuata Wilfredo Gómez nyumbani kwake Puerto Rico na kumwangusha raundi ya 11, mkanda ukaenda Accra. Simu ya ghafla ilimfaa kwa sababu ridhaa ilishamjenga. Simu haimjengi mtu. Inamkuta alivyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwachia kijana aende. Mapambano sita ya ridhaa, miguu mizuri, moyo mkubwa. Mwandaaji, jina lake nalihifadhi, alituambia mpinzani naye ni mgeni wa kulipwa. Tulipofika kupima uzito tukakuta mtu mwenye mapambano 14. Nilipaswa kumrudisha kijana palepale. Sikumrudisha, kwa sababu nauli ya kurudi ilikuwa mikononi mwa mwandaaji. Alipigwa raundi ya tatu, akapumzika miezi miwili, akaitwa tena, akapigwa tena, na mwaka uliofuata akaacha ngumi. Leo ni dereva wa bodaboda pale Sakina na tukikutana ananisalimia vizuri. Ningependa angenilaumu.

Dakika 9 na dakika 36

Kwa wasiojua tofauti ya kazi yenyewe: ridhaa ya wakubwa ni raundi tatu za dakika tatu. Dakika tisa basi. Kulipwa unaanza na raundi nne au sita, unapanda nane, kumi, na ubingwa wa dunia ni raundi 12, yaani dakika 36 za kupigana. Zamani zilikuwa 15. Zilipunguzwa baada ya Kim Duk-koo wa Korea Kusini kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini, Novemba 1982.

Kwa hiyo ridhaa inafundisha kasi. Huna muda wa kumsoma mtu. Unaingia, unatupa nyingi, unatoka, majaji wanaona. Kulipwa kunafundisha uvumilivu. Unampiga mbavu raundi ya pili ili mikono yake ishuke raundi ya saba. Bondia aliyezoea ridhaa sana huanza kulipwa kwa kutupa ngumi sitini raundi ya kwanza, na raundi ya nne anaona ulingo umegeuka mchanga wa Coco Beach. Hilo ni kweli, na ndilo jambo moja ambalo wapinzani wa ridhaa wako sahihi: mwenye mapambano mia ana mazoea magumu kuyang'oa. Lakini uvumilivu unaongezwa kwa mwaka mmoja wa mazoezi mazuri. Macho ya kuona ngumi ikija hayaongezwi kwa mwaka mmoja. Yanatoka kwenye wingi wa mapambano.

Glovu nazo si zilezile. Kulipwa, uzito wa welta (kilo kama 67) kushuka chini wanavaa aunsi 8, juu yake aunsi 10. Ridhaa wepesi wanavaa aunsi 10 na wazito 12. Aunsi mbili zinaonekana ndogo mkononi, shavuni ni kubwa. Kinga ya kichwa iliondolewa kwa wanaume wakubwa wa ridhaa mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio 2016 ikapigwa vichwa wazi, kwa hiyo mama anayedhani mwanawe wa ridhaa bado anavaa helmeti kila mahali, aelezwe ukweli.

Mizani, basi la usiku na baridi ya Juni

Ridhaa wanakupima asubuhi ya siku ya pambano, na kwenye mashindano unapimwa kila siku unayopigana. Huwezi kujikausha kilo sita halafu ukapigana mchana. Kwa hiyo ridhaa inakulazimisha kupigana uzito wako wa kweli. Kulipwa wanakupima siku moja kabla, na hapo ndipo watu wanajikamua maji, wanapanda mzani kama mshumaa, kisha wanakula na kunywa usiku kucha. Kesho yake aliyepimwa kilo 57 anapanda ulingoni na 62. Salido yule wa Lomachenko hata mzani wenyewe aliushindwa, na usiku wa pambano alikuwa mzito kwa kilo karibu tano kuliko mwenzake.

Sisi wa huku juu tuna shida yetu ya pekee. Juni na Julai Arusha ni baridi, jasho halitoki kirahisi, na kijana anavaa mifuko ya plastiki chini ya sweta akikimbia barabara ya Njiro mpaka anaona giza. Usifanye hivyo. Punguza chakula mapema, wiki sita kabla: mtori na kiburu viwe vya Jumapili, makande yapungue sahani. Kisha kuna safari. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Ukipanda basi usiku kwenda kupimwa asubuhi, unafika miguu imevimba, umelala kiti kimoja na gunia la vitunguu, na mzani unasoma vile usivyotarajia. Unashuka kwenye joto la pwani ambalo hujalizoea. Faida ya mwinuko unayo, Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari na Moshi iko chini yake kwa mita mia kadhaa, lakini faida hiyo haikusaidii kama raundi ya pili tayari umechemka kwa joto. Bondia wangu asipofika siku tatu kabla, sikubali. Na siku hizo tatu zina bei ya kulala na kula, ambayo mwandaaji wa ridhaa kwa kawaida analipa kwa kuwa timu nzima inalala pamoja, na mwandaaji wa kulipwa mdogo mara nyingi halipi.

Hesabu ya pesa, ifanyike kwa kalamu

Ridhaa hakuna mshahara wa pambano. Utapata posho, nauli, chakula, medali. Kulipwa unalipwa, ndilo jina lake. Lakini kijana anayesikia "milioni moja" asione milioni moja.

Tuseme pambano ni la shilingi 1,000,000. Kwa desturi ya ngumi kocha anachukua asilimia 10, hiyo 100,000. Meneja, kama unaye, anaweza kuchukua robo, na kwingine mikataba inafika theluthi: ondoa 250,000. Umebaki na 650,000. Toa nauli yako na ya mtu wa kona kwenda na kurudi, malazi, vipimo vya damu, kinga ya meno, bandeji. Toa pia wiki sita ulizokataa vibarua ili ufanye mazoezi. Mpagazi wa Moshi anajua hesabu hii kuliko mimi: ukikosa safari mbili za Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya mazoezi, umekosa pesa ya uhakika kwa ajili ya pesa ya matumaini. Na ukipanda mlima siku saba na mzigo wa kilo 20, unashuka na mapaja ya chuma lakini mikono imesahau kazi.

Siku ukifika kwenye mkanda wa dunia, chama chenye mkanda nacho kinachukua ada yake kwenye malipo yako, kwa kawaida karibu asilimia tatu. Hata bingwa halipwi anachotangaziwa.

Upande wa ridhaa pesa inakuja kwa mlango mwingine, na kwetu Tanzania mlango huo ni majeshi. JWTZ, JKT, Polisi na Magereza ndio waliozibeba ngumi za ridhaa za nchi hii miaka yote. Kijana anayepiga vizuri kwenye mashindano huonekana, na akiwa na vyeti na nidhamu anaweza kupata ajira. Mshahara kila mwezi, matibabu, muda wa mazoezi, na siku mikono ikichoka bado una kazi. Hakuna promota anayekupa hivyo. Moshi mnakaa jirani na Shule ya Polisi. Arusha mna chuo cha jeshi Monduli. Sisemi ukabishe hodi kesho. Nasema hao watu huja kutazama ridhaa, hawaji kutazama pambano lako la raundi nne ukumbi wa baa.

Medali zetu, mikanda yetu

Ukitazama historia yetu, ridhaa imetupa majina makubwa. Titus Simba alichukua fedha ya Jumuiya ya Madola Edinburgh mwaka 1970, akashindwa fainali na John Conteh ambaye baadaye akawa bingwa wa dunia wa kulipwa. Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur 1998. Birmingham 2022 Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakarudi na shaba kila mmoja. Olimpiki ndiyo bado: medali zetu mbili zote ni za riadha, Moscow 1980, za Suleiman Nyambui na Filbert Bayi, Bayi ambaye ni mtu wa Karatu hapo juu tu. Ngumi hatujawahi kupata, na ndiyo medali ninayoitaka kabla sijafa.

Kwenye kulipwa, Rashid Matumla alipita Olimpiki kwanza kisha akawa bingwa wa WBU. Francis Cheka wa Morogoro alichukua mkanda wa WBF Dar es Salaam mwaka 2013. Naiheshimu mikanda hiyo. Lakini kijana ajue kwamba mikanda ya dunia inayofungua milango ya pesa kubwa ni ya vyama vinne: WBA, WBC, IBF na WBO. Ukiambiwa "mkanda wa dunia", uliza ni wa nani.

Majirani nao wanafundisha. John Mugabi wa Uganda alipata fedha ya Olimpiki Moscow 1980, akaingia kulipwa mwaka huohuo, akawaangusha wapinzani 25 mfululizo, hakuna hata mmoja aliyefika mwisho, mpaka Marvin Hagler alipomsimamisha raundi ya 11 Machi 1986. Bado mwaka 1989 akawa bingwa wa dunia wa WBC. Medali ilimfungulia mlango ambao rekodi ingechukua miaka kuufungua.

Kichwa

Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Seoul 1988, Mkenya pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Akaenda kulipwa Marekani. Julai 1994 alipigana Las Vegas, pambano likasimamishwa, akapoteza fahamu baadaye na kufariki siku mbili baada ya pambano. Alikuwa na miaka 26.

Simtaji ili kukutisha uache. Namtaja kwa sababu dhahabu haikumlinda. Ridhaa ina salama yake: raundi chache, daktari pembeni ya ulingo, mwamuzi anayesimamisha mapema, na kanuni za kimataifa zilizomweka pembeni aliyepigwa KO ya kichwa kwa siku zisizopungua 30, na akipigwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, siku 90. Kulipwa nako kuna kanuni, na Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC, ndiyo inayotoa leseni. Lakini kwenye kulipwa njaa inakusukuma urudi kabla kichwa hakijapona, na hiyo hakuna karatasi inayoizuia. Hospitali ya KCMC iko Moshi. Ukianguka ulingoni na kichwa kikauma siku ya pili, nenda kapimwe, hata kama nauli ni ya kukopa. Hili ndilo jambo pekee ambalo namgombeza bondia kwalo mbele ya watu.

Kwa wasichana nina neno fupi. Ngumi za wanawake ziliingia Olimpiki London 2012, na leo ridhaa ya wanawake ni raundi tatu za dakika tatu kama wanaume, wakati ubingwa wa kulipwa wa wanawake kwa kawaida ni raundi kumi za dakika mbili. Mabondia wa kike ni wachache huku kwetu, kwa hiyo kwenye ridhaa dada anaweza kufika mashindano ya taifa haraka kuliko kaka yake. Dada, tumia nafasi hiyo kwanza.

Nairobi iko karibu

Jambo moja ambalo vijana wa Dar hawana: kutoka Arusha, Nairobi haifiki kilomita 300. Ukivuka Namanga asubuhi, jioni unaspari, yaani unapigana mazoezini, na watu ambao hawakujui. Kwa bondia wa ridhaa hiyo ni dawa, maana shida kubwa ya huku si mwalimu wala begi, ni watu wa kuspari nao wa uzito wako. Kwa wa kulipwa pia, ila achunge asije akageuka begi la mwenzake kwa chakula cha mchana.

Ridhaa ina mgogoro wake pia, sitauficha. Chama cha kimataifa, IBA, kilivuliwa utambuzi na Kamati ya Olimpiki Juni 2023, na kwa muda ngumi zenyewe zilikuwa hatarini kukosekana Los Angeles. Machi 2025 zikarudishwa kwenye ratiba ya 2028, chini ya chama kipya cha World Boxing. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 leo ana Olimpiki mbele yake. Mwenye 27 naye anayo kwa umri, lakini kwa nafasi, tuseme kweli, mlango umebaki mwembamba.

Nilivyowajibu

Wa Ngarenaro nilimwambia asiende. Mapambano tisa ni machache. Afikishe angalau thelathini, apite mashindano ya taifa ya Shirikisho la Ngumi, BFT, mara mbili, avuke Namanga kuspari, atafute vyeti vyake vya kidato cha nne alivyoviacha kwa shangazi yake Kondoa, maana jeshini wataviuliza. Akifika miaka 23 bila timu ya taifa na bila ajira, tutakaa tena. Alinuna. Laki mbili ni pesa nyingi kwa mtu anayebeba viroba soko la Kilombero, na ninaelewa kununa kwake.

Wa Pasua nilimwambia aende, ila si kwa simu ile. Ridhaa imeshampa ilichokuwa nacho. Mikono anayo, macho anayo, muda hana. Tulikubaliana apigane mapambano manne ya kwanza hapahapa Kaskazini au Dar kwa taarifa ya wiki sita, raundi nne nne, na mpinzani ambaye rekodi yake tumeiona kabla ya kusaini. Mkataba asomewe na mtu aliyesoma sheria, hata kama ni mtoto wa jirani aliye chuo. Asisaini umeneja wa miaka mitano na mtu aliyekutana naye kwenye simu. Mlimani apande msimu wa watalii wengi, na apumzike ngumi miezi hiyo badala ya kuvichanganya. Mke wake alikuwepo tukizungumza, na yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo mume alilisahau: akiumia, nani analipa hospitali? Tukampigia yule mwandaaji palepale, spika ikiwa wazi, tukamuuliza hilo, tukamuuliza na jina la mpinzani, na rekodi yake, na nani analipa siku tatu za malazi.

Alisema atapiga baadaye. Leo ni siku ya tisa. Kijana anakimbia kila alfajiri barabara ya Kibosho, anapanda mpaka migombani na kurudi, na jana alipanda mzani na kusoma kilo 60 na nusu.